Sahihi zikaguliwe wapi? Mwongozo kamili wa kugawa kazi ya ukaguzi kati ya programu na chipu ya usalama kwenye magari yanayowasiliana

Chukua stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni, Dodoma, alfajiri mabasi ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yanapopasha injini. Tuseme yote yamefungwa redio za GHz 5.9, na kila moja linatangaza mara 10 kwa sekunde mahali lilipo, mwendo wake na linakoelekea. Yakisikika magari 120 kwa pamoja, kila basi linapokea jumbe 1,200 kwa sekunde. Kila ujumbe umebeba sahihi ya kidijitali, na kabla hujampigia dereva kengele ya breki lazima uwe umejiridhisha kwamba sahihi hiyo ni ya kweli.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa kuu kwa programu ya kawaida, au na chipu ya usalama iliyoundwa kwa ajili ya hesabu za aina hiyo. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana ubao wa kompyuta mezani: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, fundi aliyezoea kufunga vifaa vya kufuatilia mabasi vinavyotakiwa na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), au kampuni ndogo inayotaka mabasi yaanze kuambizana yenyewe kwa yenyewe. Kifaa cha kufuatilia huongea na seva moja inayojulikana. Hapa gari linasikiliza wageni, na linatakiwa liwaamini au liwakatae kabla dereva hajapepesa jicho.

Swali linaloulizwa kwanza karibu kila mara ni asilimia ngapi iende kwenye chipu na ngapi ibaki kwenye programu. Kwangu hilo ni swali la mwisho. Anza kwa kujua siri iko wapi, kisha ujue kazi ipi haiwezi kusubiri. Ukishayajua hayo mawili, asilimia zitajipanga zenyewe.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachokaguliwa ndani ya gari

Jumbe za redio ni sehemu tu. Kifaa kinapowashwa, programu yake yenyewe inatakiwa kukaguliwa kabla haijaanza kufanya kazi. Toleo jipya likija kwa mtandao wa simu, sahihi yake hukaguliwa kabla ya kusakinishwa. Mawasiliano na seva kwa TLS (njia ya kulinda mawasiliano ya mtandao) yana ukaguzi wa vyeti, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha nani ni nani. Magari mapya zaidi hulinda pia jumbe za nyaya za ndani kwa SecOC ya AUTOSAR (utaratibu wa uhakiki uliowekwa na muungano wa kampuni za magari), ambapo wasifu wa kwanza hubandika biti 24 za msimbo wa uhakiki unaotokana na AES (usimbaji unaotumia ufunguo mmoja wa siri kwa pande zote mbili), pamoja na biti 8 za kuonyesha kwamba ujumbe ni mpya.

Mbele ya kila kazi andika inatokea mara ngapi, inaweza kusubiri muda gani, na ikichelewa kitatokea nini. Toleo jipya la programu linaweza kungoja basi lifike Morogoro lipumzike. Ujumbe wa breki ya ghafla haungoji. Mwendo wa juu wa basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kwa sekunde, hivyo kila milisekunde 100 unazopoteza ni zaidi ya mita mbili za lami. Kwenye barabara ya Dodoma–Morogoro, basi likichomoka kulipita lori lenye mzigo wa Rwanda au Kongo na mbele kukawa na basi jingine, mabasi hayo mawili yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Redio ikimnasa mwenzio akiwa mita 300, una sekunde zisizofika saba kwa kila kitu: kupokea, kukagua, kengele, na mguu wa dereva kufika kwenye breki.

Hatua ya 2: Tenga chenye siri na kisicho na siri

Hapa usiharakishe. Kutia sahihi kunahitaji ufunguo binafsi wa gari, yaani namba yake ya siri. Kukagua sahihi ya mwingine hakuhitaji siri yoyote: unachukua ufunguo wa umma wa mtumaji (ule unaotolewa kwa wote), heshi ya ujumbe (alama fupi inayokokotolewa kutoka ujumbe wote) na sahihi yenyewe, unafanya hesabu, unapata ndiyo au hapana. Kwa hiyo chochote kinachogusa ufunguo binafsi kibaki ndani ya chipu, na hilo halina mjadala. Ukaguzi unaweza kwenda popote penye nafasi.

Ukilielewa hili utaepuka kosa la kawaida kabisa, la kuona kwamba chipu ni salama zaidi na hivyo kuirundikia kila kitu. Chipu ikijazwa ukaguzi wa jumbe za watu, ujumbe wa gari lako, ambao nao unatakiwa kutiwa sahihi mara 10 kwa sekunde, unasubiri nyuma ya foleni. Gari linakuwa bubu pale pale penye msongamano. Sahihi yako mwenyewe iwe ya kwanza kwenye chipu, daima.

Sababu ya kuwa mkali namna hii ni ECDSA, aina ya sahihi inayotumika sana kwenye jumbe hizi, mara nyingi juu ya mkunjo wa kihisabati uitwao P-256. Kila sahihi huhitaji namba ya nasibu ambayo hairudiwi. Ikirudiwa kwenye jumbe mbili tofauti zilizotiwa sahihi kwa ufunguo mmoja, yeyote mwenye jumbe hizo anaweza kukokotoa ufunguo binafsi. PlayStation 3 iliangushwa na kosa hilo mwaka 2010. Chipu nzuri ina chanzo chake cha nasibu. Programu iliyowashwa sasa hivi kwenye ubao wa bei ndogo huenda haina.

Upande wa ukaguzi, kukosa siri ni faida. Programu ya kutia sahihi inalazimika kutumia muda uleule kwa ufunguo wowote, isije ikavujisha siri kupitia muda wa hesabu. Programu ya kukagua haina cha kuvujisha, kwa hiyo inaruhusiwa kupita njia za mkato na kutumia majedwali yaliyokokotolewa mapema. Chagua maktaba ya programu inayotenganisha njia hizo mbili.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Ukaguzi hauna siri, lakini una jibu, na aliyeingia kwenye prosesa kuu anaweza kuligeuza "hapana" kuwa "ndiyo". Kwa hiyo pima madhara yatadumu muda gani. Ujumbe mmoja wa uongo wa mahali gari lilipo unafutwa na ujumbe unaofuata baada ya milisekunde 100. Programu ya uongo ikishasakinishwa inakaa ndani ya basi miaka. Ukaguzi wa kuwasha, ukaguzi wa toleo jipya na utunzaji wa cheti mzizi (kile ambacho vyeti vingine vyote hutegemea) vifanyike kwenye maunzi hata kama programu ingekuwa na kasi zaidi.

Ukienda kununua, kumbuka ngazi tatu zilizowekwa na mradi wa Ulaya wa EVITA, uliofanyika 2008 hadi 2011. Ngazi kamili ina injini ya hesabu za mikunjo ndani ya maunzi na ilikusudiwa kwa magari yanayowasiliana. Ngazi ya kati haina injini hiyo. Ngazi nyepesi ina AES tu, kwa vihisio. Muuzaji akikwambia chipu yake "ina usalama wa maunzi", muulize ngazi gani. Chipu yenye AES peke yake itakusaidia kwenye nyaya za ndani, lakini kwa sahihi za redio haina msaada wowote.

Hatua ya 3: Pima ubao wako, na uupime ukiwa wa moto

Kwa upande wa programu, kama ubao wako una Linux, anza na amri hii:

openssl speed -seconds 30 ecdsap256

Soma safu ya ukaguzi kwa sekunde, usiichanganye na ya kutia sahihi. Kisha rudia huku GPS, redio na skrini ya dereva vikifanya kazi, kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi ya barabarani.

Kwa upande wa chipu, usiandike namba ya karatasi ya mtengenezaji. Pima safari nzima ya kwenda na kurudi. Kwa kila ukaguzi unapeleka heshi ya baiti 32, sahihi ya baiti 64 na ufunguo wa umma wa baiti 64. Jumla ni baiti 160, sawa na biti 1,280. Kwenye SPI, waya unaounganisha prosesa na chipu, wa MHz 10 hiyo ni milisekunde 0.128 kabla ya amri na majibu. Kwa ukaguzi 1,000 kwa sekunde, waya peke yake unakula milisekunde 128 za kila sekunde. Programu yako ikingoja jibu kabla ya kupeleka kazi inayofuata, chipu inakaa bure muda wote huo. Peleka inayofuata wakati ya kwanza ikikokotolewa. Halafu heshi ipigwe kwenye prosesa kuu. Ni kazi nyepesi, na unaepuka kusafirisha ujumbe mzima.

Sasa joto. Oktoba, saa nane mchana, basi limeegeshwa juani na madirisha yamefungwa, na kifaa chako kiko nyuma ya dashibodi ndani ya boksi la plastiki. Andika:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp

Jibu huja kwa elfu za nyuzi: 78500 maana yake nyuzi 78.5. Raspberry Pi, ambayo wengi wetu huanzia nayo, hujipunguzia mwendo ikifika kati ya nyuzi 80 na 85. Kasi ya programu uliyoipima ofisini kwenye kiyoyozi inapungua, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokwambia. Ukiweka feni, vumbi jekundu la barabara za pembeni litaifikia kabla ya mwezi kwisha. Afadhali bati la kupozea lililogusana na boksi la chuma. Chipu za magari za daraja la 2 la AEC-Q100 (kiwango cha ubora wa chipu za magari) zinatakiwa kuhimili hadi nyuzi 105 za mazingira, na hiyo ni hoja nzuri kuliko kasi unapoamua kuipa chipu sehemu kubwa ya kazi. Acha jaribio liende saa nzima. Namba ya dakika ya mwisho ndiyo uwezo wako, ile ya dakika ya kwanza isahau.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya foleni

Tuseme umepata ukaguzi 1,000 kwa sekunde kwenye chipu na 600 kwenye kiini kimoja cha prosesa kikiwa cha moto. Pale stendi zinaingia 1,200. Ukitumia chipu peke yake, jumbe 200 zinabaki kila sekunde. Baada ya sekunde tano kuna 1,000 kwenye foleni, na ujumbe mpya utasubiri sekunde nzima. Kwa gari lililo barabarani hiyo ni mita 22.

Ukitumia vyote viwili una 1,600, na mzigo ni asilimia 75. Hapo panatosha, na usipandishe zaidi. Jumbe haziji kwa mpangilio wa saa. Huja kwa mafungu. Kwa mpokeaji mmoja anayetumia muda uleule kwa kila kazi huku kazi zikija kwa nasibu, wastani wa kusubiri kwenye asilimia 90 ni mara 4.5 ya muda wa kazi moja. Kwenye asilimia 99 ni mara 49.5. Kwa hiyo uwezo ulionunua na uwezo unaoweza kuutumia ni namba mbili tofauti, na bajeti iandikwe kwa hiyo ya pili.

Hatua ya 5: Punguza kazi kabla ya kuigawa

Hatua hii huleta nafuu kubwa kuliko chipu yoyote utakayonunua. Anza na maswali ya bei nafuu, yasiyohitaji kriptografia. Je, ujumbe umepitwa na wakati? Unadai kutoka mahali ambapo redio yako haiwezi kufika? Cheti chake kinaruhusu aina hii ya ujumbe, au basi la kawaida linajifanya gari la zimamoto? Umeshaupokea tayari? Ujumbe unaoanguka hapa haukugharimu kitu.

Kisha tunza vyeti ulivyokwisha kukagua. Mtumaji habandiki cheti kizima kwenye kila ujumbe. Kwa mfumo wa Ulaya, jumbe za kawaida za mahali hubeba cheti kizima takriban mara moja kwa sekunde, na nyingine hubeba kitambulisho chake kifupi cha baiti 8. Kagua cheti mara moja, hifadhi ufunguo wake pamoja na hizo baiti 8, na baada ya hapo unakagua sahihi ya ujumbe tu. Ni kama askari wa geti la stendi aliyekwisha kuona kitambulisho cha kondakta asubuhi: safari ya pili anaangalia uso. Magari hubadilisha vyeti ili yasifuatiliwe, mara nyingi kila baada ya dakika tano. Kwa magari 120 hiyo ni cheti kipya kimoja kila sekunde 2.5, mzigo usiotisha.

Halafu kuna mjadala wa miaka mingi: ukague kila ujumbe, au ukague tu ule ambao ungekufanya uchukue hatua? Mimi niko upande wa pili, kwa masharti. Basi lililoegeshwa mita 200 nyuma yako likiangalia upande mwingine halihitaji kukaguliwa mara 10 kwa sekunde. Mara moja inatosha. Wanaopinga husema unachuja kwa kutumia taarifa ambazo bado hujaziamini. Ni kweli, lakini fuatilia adui atapata nini. Akidanganya kwamba yuko mbali, umempuuza na hajafaidika. Akidanganya kwamba yuko karibu na amekanyaga breki, ujumbe wake unapanda juu ya foleni, unakaguliwa, unakataliwa. Sharti langu ni kwamba ujumbe ambao haujakaguliwa usitumike kwa jambo lingine lolote: usiingie kwenye ramani, wala kwenye takwimu za msongamano, wala usirushwe kwa gari la tatu.

Kuna pia ukaguzi wa mafungu, sahihi nyingi kwa hesabu moja. ECDSA ya kawaida haiukubali kirahisi kwa sababu sahihi hubeba nusu tu ya taarifa za nukta inayohitajika. IEEE 1609.2, kiwango cha usalama wa jumbe za magari, inaruhusu kubeba taarifa iliyobaki ili kuharakisha. Uliza kama maktaba au chipu yako inaiweza. Kama haiwezi, songa mbele.

Hatua ya 6: Kanuni ya mgawanyo

Usiandike popote "asilimia 60 chipu, 40 programu". Weka foleni ya pamoja yenye ngazi tatu: jumbe za dharura na zile za magari yaliyo kwenye njia ya kugongana, jumbe za majirani wanaofahamika, na wageni ambao vyeti vyao bado. Chipu na programu zichote zenyewe kutoka juu ya foleni kila zinapopata nafasi. Mwenye kasi atachota zaidi bila kuambiwa. Kiini kikipata joto na kupunguza mwendo, kitachota kidogo, na chipu itabeba tofauti hiyo bila wewe kubadilisha mstari hata mmoja.

Ongeza masharti machache. Ndani ya chipu zisizidi kazi tatu kwa wakati mmoja, kwa sababu kazi ikishaingia huwezi kuitoa. Kwa milisekunde 1 kwa kazi, sahihi ya gari lako itasubiri milisekunde 3 kwa ubaya wake. Programu nayo ianze kuchota pale tu chipu inapokuwa na zake tatu. Mzigo ukiwa mdogo kule Chamwino usiku, prosesa ilale na ipoe. Kiini cha kukagua kisiwe kilekile kinachopiga kengele ya dereva.

Mwisho, ujumbe mpya wa mahali kutoka kwa jirani yuleyule uufute wa zamani ambao haujakaguliwa. Ujumbe wa tukio, kama ajali au gari lililoharibika, haufutwi na kingine.

Hatua ya 7: Adui na hitilafu

Mtu mwenye redio anaweza kukumwagia sahihi za uongo, na ukaguzi wa sahihi ya uongo hugharimu sawa na wa kweli. Ndiyo maana ngazi ya wageni iwekewe kikomo, kwa mfano sehemu ya kumi ya uwezo wote. Kuwa mwangalifu na vikomo vya mtumaji mmoja mmoja: zile baiti 8 za cheti ziko hewani, adui anaweza kuzibandika, na ukimfungia "mtumaji" huyo umemfungia basi la watu wema. Akionekana anatuma zaidi ya kiwango, mshushe ngazi, usimfute.

Chipu ikizimika, programu iendelee kukagua, lakini kutia sahihi kukome. Utashawishika kuweka ufunguo wa akiba kwenye kumbukumbu ya kawaida ili basi lisinyamaze. Usifanye hivyo. Basi lililonyamaza linaonekana kwa macho ya madereva. Ufunguo ulioibwa haumwonyeshi mtu kitu.

Saa nayo ina lake. Kabla GPS haijapata setilaiti, kifaa hakijui muda, na bila muda huwezi kujua cheti kimeisha au bado. Kwa kipindi hicho pokea, usimpigie dereva kengele.

Hatua ya 8: Jaribu mezani, kisha barabarani

Mezani unganisha redio kwa kebo na vipunguza mawimbi, halafu tengeneza watumaji 120 wa kubuni. Kabla ya kurusha mawimbi hewani zungumza na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kuhusu kibali cha masafa. Usitegemee pia gari lililotoka Japani likusaidie kujaribu: mfumo wao wa ITS Connect uko kwenye MHz 760, na hauwezi kuisikia redio ya GHz 5.9.

Wastani usikudanganye. Angalia jumbe 99 kati ya 100 za ngazi ya juu zimekaguliwa ndani ya muda gani. Mimi ningetaka milisekunde 20 au chini, na ujumbe wa dharura uliopotea kwa sababu ya foleni uwe sifuri. Rekodi urefu wa foleni, joto, na kila upande umechota ngapi. Mahali pa magari ya wengine pasikae kwenye rekodi zako zaidi ya inavyohitajika kutafuta kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapa. Jaribu stendi alfajiri, jaribu barabara ya kwenda Kibaigwa malori yakiwa mengi, jaribu basi lililoegeshwa juani.

Kabla hujaagiza chipu nyingi, uliza kama hesabu zake zinaweza kubadilishwa. Agosti 2024 Marekani ilichapisha kiwango cha FIPS 204 cha sahihi zinazokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, na sahihi yake ndogo kabisa ni baiti 2,420 dhidi ya 64 za ECDSA. Sahihi hiyo ni kubwa mno kwa jumbe za mara 10 kwa sekunde, lakini kwa matoleo mapya ya programu inafaa tangu sasa, na basi likinunuliwa leo linaweza kuwa barabarani miaka 15 ijayo. Kama injini ya chipu imegandishwa kwenye P-256, acha angalau kiini kimoja cha prosesa na kumbukumbu ya kutosha bila kazi, na uandike kwenye mkataba nani atalipia kuja kupakia programu ya sahihi hizo mpya.